Moja Yako, Moja Yangu

Goti la kushoto la Donat lilikataa kazi mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, akiwa na jiwe zito mikononi. Halikuvunjika. Lilijikunja tu na kumshusha chini taratibu, kama mtu anayemketisha mgeni, na jiwe likabaki mapajani mwake. Wenzake walicheka kwanza, kisha wakaona hasimami.

Daktari alilibonyeza goti huku na huku, akamwambia asibebe kitu kizito kwa miezi sita.

"Kizito ni kuanzia kilo ngapi?" Donat akauliza.

"Kwako, kuanzia jiwe," daktari akajibu.

Donat alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akijenga kuta. Nyumba alijua kujenga pia, lakini jina lake lilitokana na kuta za ua, zile za mawe meusi ya volkano ambazo Goma imejaa. Alizaliwa Butembo, kwa Wanande wanaojenga kwa matofali, na alipenda kusema kwamba tofali ni kitu kilichokwisha kufikiriwa na mtu mwingine. Jiwe la lava ni jambo jingine. Kila moja lina tumbo lake na mgongo wake, na fundi lazima aligeuze mara tatu, mara nne, kabla hajajua litalala wapi.

Sasa alikuwa nyumbani, Katindo, na hakuna la kugeuza. Wiki ya kwanza alipanga upya gunia la makala, kipande kwa kipande. Wiki ya pili alianza kumshauri mkewe Ernestine, aliyekuwa akiuza jibini ya Masisi katika soko la Virunga, namna bora ya kupanga magurudumu ya jibini ili yasianguke. Yalikuwa hayajaanguka hata siku moja kwa miaka kumi na minne. Wiki ya tatu Ernestine alimpigia simu binti yao.

"Charline, baba yako atanimaliza. Mutafutie kazi ya mikono."

Charline aliishi Himbi na mumewe. Wakati akiwa mwanafunzi alikuwa akipiga picha za harusi pamoja na marafiki zake, na kamera yake ilikuwa imelala kabatini tangu apate mtoto. Jumapili alikuja nayo, mtoto mgongoni, kamera shingoni.

"Papa, hii ni yako. Sikuazimi, nakupatia."

"Nitafanya nayo nini?"

"Utapiga foto."

"Za nini?"

"Za kitu unapenda."

Donat aliigeuza kamera mkononi, kama alivyozoea kugeuza kitu chochote kabla ya kukiweka. Watu walikuwa wamemuuliza mengi maishani, ukuta utachukua siku ngapi, mifuko mingapi ya saruji, lakini hakukumbuka kama aliwahi kuulizwa anapenda nini. Akafikiri mpaka chai ikapoa. Alipenda kuta.

Basi Jumatatu akatoka kwenda kupiga kuta. Alizijua zote alizojenga, Mabanga, Majengo, Ndosho, hata zile za karibu na njia ya Munigi, na alikwenda polepole akiegemea fimbo, akisimama mbele ya kila moja kama anayemjulia hali ndugu. Jioni alizitazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera na kuona kitu kibaya. Mawe yake, meusi kama sufuria ya maharagwe, yametoka ya kijivu. Mbingu imekuwa nyeupe tupu.

Kesho yake aliipeleka kamera kwa Jephté, kijana wa miaka thelathini hivi aliyekuwa na studio ndogo ya picha za paspoti na za kadi za wapiga kura, na aliyevaa miwani yake juu ya kichwa zaidi kuliko machoni.

"Aparey yangu inaugua," Donat akasema. "Mawe ni meusi, yeye anayatoa kama majivu."

Jephté akazitazama, akacheka kwa upole. "Muzee, aparey haina ugonjwa. Yeye anafikiri dunia yote ni ya kijivu. Ukimuonyesha kitu cheusi, anasema: hapa ni giza, ngoja niongeze mwanga. Anakusaidia na haukumuomba."

"Kama mutu anaongeza maji kwa simenti yenye imelowa tayari."

"Njo vile," Jephté akasema, yaani ndivyo hasa.

Akamwonyesha kitufe chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Ukikuta weusi, shuka. Hatua moja, au moja na nusu. Usiisikilize kamera inavyofikiri, sikiliza jiwe.

Maneno hayo Donat aliyaelewa moja kwa moja. Wiki ile alishuka, akashuka tena, mpaka asubuhi moja, mbele ya ukuta mmoja wa Mabanga, jiwe likatoka jeusi. Vitundu vyake vyote vilionekana, na mistari ya saruji ikapita kati ya jiwe na jiwe kama mito midogo mikavu. Alirudi nyumbani mbio kadiri goti lilivyomruhusu. Ernestine alikuwa uani akiosha beseni. Donat akamwonyesha jiwe, na jiwe, na jiwe.

"Hii umenionyesha," Ernestine akasema.

"Hapana, ile ilikuwa ya kushoto."

Ernestine akakausha mikono. "Papa Charline, umepiga mawe mia mbili na kumi. Nimeyahesabu. Miye ulinioa kanisani, mbele ya padri, na sina hata foto moja humo ndani."

"Weye hausimami mahali pamoja."

"Na ukuta?"

"Ukuta unasimama."

Ernestine aliona kwamba hapo hakuna la kubishana, akarudi kwenye beseni lake.

Jephté ndiye aliyemwalika kwenye kundi lao. Walikuwa watu wanane, wengi vijana, waliokutana Jumamosi asubuhi na kwenda kupiga picha pamoja, kisha kuzitazama studioni kwenye kompyuta na kuambiana ukweli. Walipenda ziwa wakati mawingu yamelala chini, walipenda volkano, walipenda chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao zinazobeba magunia na ndizi. Donat alijaribu vyote hivyo. Kwa ziwa alitumia pimamaji yake ya ujenzi, akailaza juu ya kamera, na mstari wa maji ukatoka umenyooka kuliko wa mtu yeyote. Kwa chukudu hakufanikiwa. Alikuwa bado anapima wakati chukudu ilipopita, na picha ikaonyesha barabara na nusu ya gurudumu.

Ilipofika zamu ya picha zake za kuta, vijana walisogea karibu na kompyuta. Jephté alishusha miwani machoni.

"Muzee Donat, zimenyooka. Weusi ni weusi. Sijaona mutu mwingine anapiga lava namna hii. Lakini sijui zinataka kuniambia nini. Ni kama picha za kuonyesha mteja mbele ya kumupa bei."

Donat alijibu kwamba ni kweli, mara nyingi alitamani kuwa na picha kama hizo za kuonyesha wateja. Vijana wakacheka na yeye akacheka, lakini njiani kurudi alikuwa mzito. Hakukasirika. Jambo lilimkaa tu moyoni kama jiwe ambalo ameligeuza pande zote na bado halilali.

Ilikuwa mwezi wa tano alipofika Ndosho, kwenye ukuta mmoja mrefu alioujenga miaka tisa kabla. Asubuhi ilikuwa changa na mwanga ulikuja wa pembeni, mzuri. Alipiga sehemu ya mwisho ya ukuta, ambako mawe matatu manne yaling'aa kidogo kuliko mengine. Alidhani kuna aliyemwaga mafuta. Alikuwa akisogea katikati wakati lango lilipofunguka na mzee mmoja akatoka na mswaki mdomoni.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu."

"Weye ni wa kadasta."

Kadasta ni ofisi inayopima viwanja, na mtu akionekana Goma asubuhi na mapema akipiga picha ukuta wa mwenzake, watu hudhani mambo mawili tu: ama ni kodi, ama ni jirani anayetafuta mita moja. Donat alieleza kwamba yeye si wa ofisi yoyote.

"Ukuta huu niliujenga miye," akasema. "Nilikuja kuuona."

Mzee akautoa mswaki. "Weye njo Donat?"

"Njo miye."

"Basi ingia. Ni miaka miwili nakutafuta. Ukuta wako unalala."

Mzee huyo aliitwa Bagalwa. Alikuwa ametoka upande wa Bukavu, akafundisha hesabu shule za sekondari mpaka alipostaafu, na alizungumza kila kitu kama kitakuja kwenye mtihani. Donat alihisi masikio yanapata moto. Kuta zake hazilali upande. Alitia mkono mfukoni, akatoa timazi, ule uzi wenye risasi nchani ambao fundi hupimia wima, kwa maana alikuwa hatoki bila hiyo hata kwenda kanisani. Akaushikilia juu ya ukuta na kuiacha risasi ishuke. Ilipotulia, ilikuwa inaning'inia hewani, mbali na mawe ya chini.

Mwalimu Bagalwa akainama, akaweka vidole vyake pale kwenye nafasi. "Moja," akasema. "Mbili."

Donat alitazama muda mrefu. Aliona maji ya paa la Bagalwa yalivyokuwa yakianguka mahali pamoja na kuchimba msingi, na angeweza kulaumu paa. Lakini aliona pia kwamba hakuacha tundu hata moja la kupitisha maji, na kosa hilo lilikuwa lake peke yake.

"Nitautengeneza," akasema. "Si wa kulipa."

Jumatatu alikuja na mafundi wawili waliokuwa wakifanya kazi naye siku zote. Walibomoa mita tatu za ukuta na kuanza upya, na Donat, kwa amri ya daktari na ya Ernestine, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuonyesha kwa fimbo. Hilo, geuza. Hapana, tumbo ndani. Ndiyo. Mwalimu alileta kiti chake akakaa naye nusu saa, akaondoka, akarudi.

Na hapo ndipo jambo lilipotokea, ingawa kwa macho halikuonekana kama jambo. Fundi wa ukuta hufanya kazi akiwa ameupa mtaa mgongo. Kwa miaka thelathini Donat aliijua Goma kwa masikio: pikipiki, watoto wa shule, mwenye kuuza mayai, ugomvi, nyimbo. Sasa mafundi wake walikuwa wakiutazama ukuta, na yeye, juu ya ndoo yake, alikuwa ameugeukia mtaa. Aliona watu wanachofanya na kuta. Mtu alisimamisha baiskeli kwenye ukuta akafunga kamba ya kiatu. Mwanamke alitua mzigo juu yake, akapumua, akaendelea. Wasichana wawili waliandika kitu kwa chaki na kukifuta haraka. Donat alikuwa amejenga kilomita za ukuta akidhani anajengea watu walio ndani, kumbe walio nje ndio walioutumia zaidi.

Mwisho kabisa wa ukuta kulikuwa na meza ya chai. Mwenye meza aliitwa Alima, mama wa miaka hamsini hivi, ambaye familia yake ilitoka Kasongo, Maniema, na biashara ya nguo katika siku za babu yake. Aliuza chai ya maziwa na mandazi. Kila alipomaliza kumimina alirudi nyuma kidogo, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha akafumbua na kumwitikia mteja. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Donat alitazama mpaka alipotambua mahali alipoegemea, akainuka kwenye ndoo.

Mawe yale yanayong'aa hayakuwa na mafuta. Yalikuwa yamelainishwa na mgongo wake.

"Mama, unauza hapa tangu lini?" akamuuliza.

"Tangu simenti ya ukuta ikauke. Miaka tisa sasa."

"Na haujawahi kuhama?"

"Nihame niende wapi? Saa ine jua linageuka, jiwe linabakia na moto mpaka jioni. Niko na ugonjwa wa mgongo. Hii njo dawa yangu."

Donat alisema ni yeye aliyejenga. Alima akamtazama kutoka kofia mpaka viatu, akammiminia chai na kukataa malipo, akisema mtu halipi kwenye ukuta wake mwenyewe. Donat akanywa. Akaomba kumpiga picha, vile alivyokuwa ameegemea.

"Vile?" Alima akajitazama. Kitenge kilikuwa na unga wa mandazi. "Hapana, papa. Kesho."

Kesho alikuja amevaa gauni la Idi, la zambarau, na mtandio mpya. Alisimama katikati ya ukuta, mbali na meza, mikono imenyooka kama askari, uso umefungwa. Donat alishusha mwanga hatua moja na nusu, akapima, akapiga. Picha ilikuwa safi na haikuwa na kosa. Alima akashukuru, akaenda kwenye meza yake, akafunga kitenge cha kazi juu ya zambarau, akamimina vikombe viwili. Kisha akaegemea ukuta na kufumba macho.

"Mama Alima," Donat akamwita taratibu. "Na hii, unaniruhusu?"

Alima hakufumbua macho. "Ile ingine njo yangu. Hii, ukiitaka, iwe yako."

Akapiga.

Jephté alizichapisha zote mbili. Donat hakuwa na bahasha, basi akazibeba mkononi, moja juu ya nyingine, na alipofika Ndosho akazilaza mezani kati ya vikombe. Mwalimu Bagalwa alikuwa amekuja kuchukua chai yake ya saa nne, akainama kuziangalia. Akagusa ile ya macho yaliyofumba.

"Hii njo Alima," akasema kwa sauti ya mtu aliyepata jibu.

"Hapana, mwalimu," Alima akasema. "Ile ni mutu mwenye kuchoka. Alima njo huyu." Akaichukua ile ya gauni la zambarau, akaifuta kwa kona ya mtandio ingawa haikuwa na vumbi, akaiingiza ndani ya pochi. Siku zile zilizofuata alimwonyesha kila mteja aliyekunywa hata nusu kikombe.

Donat alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima akiwasikiliza wote wawili kichwani. Mwalimu alikuwa na haki. Alima pia alikuwa na haki, na zaidi, kwa sababu sura ilikuwa yake. Kwa hiyo asingeweza kuchagua, na alipofika mlangoni aligundua kwamba hahitaji kuchagua. Atapiga mbili. Moja vile mtu anavyotaka kuonekana, na hiyo ni ya mtu, atapewa ikiwa imechapishwa. Nyingine vile ukuta unavyomfahamu, na hiyo, mtu akikubali, ni ya Donat.

Jumamosi aliweka nakala zote mbili mbele ya kundi, bega kwa bega. Safari hii hakuna aliyetaja mteja wala bei. Jephté alisogeza miwani juu, akaishusha, akasema neno moja tu la ushauri: asizitenganishe kamwe.

Tangu hapo Donat akawa na kazi. Alikuwa akifika kwenye ukuta, anasalimu, anasema ni yeye aliyeujenga, na kabla ya jambo lolote anakubali kuambiwa ubaya wake. Kisha anasema maneno ambayo mitaa kadhaa ilikuja kuyajua: "Moja yako, moja yangu." Watu waliowakatalia vijana wote wa kundi walimkubali yeye. Wengine walitaka ile yao tu, na hao Donat aliwapigia, akawapa, akaaga.

Papa Namegabe wa Majengo, dereva wa zamani wa njia ya Butembo, alitaka kupigwa ameketi kwenye usukani wa lori lake ambalo lilikuwa halina injini tangu zamani. Hiyo ikawa yake. Ya Donat ilimwonyesha akiwa amesimama nje baada ya hapo, kiganja kimoja ukutani, akitazama barabara kama anayesubiri foleni isogee.

Kwa Mama Umugwaneza, njia ya Munigi, hapakuwa na ukuta. Lava ya 2021 ilikuwa imepita juu yake, ikapoa. Donat alijua hivyo lakini alikwenda. Alimkuta akiwa amejenga chumba kimoja juu ya lava yenyewe, kwa mawe aliyoyavunja papo hapo.

"Ukuta wako uko chini ya miguu yetu," akamwambia Donat, bila huzuni wala mzaha. "Mita mbili, labda tatu. Ulikuwa muzuri."

"Ulikuwa na lango la buluu."

"La buluu. Lilikuwa pale." Akatembea hatua chache, akapigapiga mwamba kwa kisigino, akasogea kushoto, akapiga tena, akitafuta. Kwa mara ya kwanza Donat alipiga picha yake kabla ya ile ya mwenyewe, na baadaye akaomba radhi na ruhusa kwa pamoja. Mama Umugwaneza aliitazama kwenye kioo. Akasema inafaa, ila ile yake anaitaka na mkoba, mbele ya mlango mpya. Njiani kurudi Donat alishuka kwenye pikipiki mapema kuliko ilivyotakiwa, akamaliza safari kwa miguu.

Ya Ernestine ilikuja mwezi wa saba. Alichagua siku mwenyewe, akavaa kitenge cha sikukuu ya parokia, akasimama kwenye ngazi za kanisa baada ya misa na kutabasamu kwa meno yote. Ya Donat ilipigwa nyumbani. Ua wao, kama wa mafundi wengi, ulikuwa haujamalizika. Ukuta ulikuwa na pengo la mita moja alilokuwa akiahidi kuliziba tangu Charline akiwa shule ya msingi. Asubuhi zote Ernestine alilitumia kama njia ya mkato kwenda barabarani. Donat alimsubiri hapo, akampiga akipita kati ya mawe meusi, beseni la jibini kichwani, mguu mmoja bado nyumbani na mwingine tayari sokoni.

"Umeona," Ernestine akasema alipoonyeshwa. "Nilikuambia sisimami. Sasa pengo utaliziba?"

"Hapana tena."

"Nilijua utapata sababu."

Mwezi wa tisa kundi lilipewa ukumbi wa parokia kwa Jumapili moja. Vijana walitundika ziwa, volkano na mawingu, na yalikuwa mazuri. Donat alipewa ukuta wa mwisho kwa picha zake, jozi kumi na moja. Alima alikuja na dada zake wanne, akasimama kando ya gauni lake la zambarau, mikono imenyooka vilevile, ili watu walinganishe. Mwalimu Bagalwa alipita na kalamu akisoma majina na kusahihisha herufi. Mwanamke mmoja asiyejulikana na yeyote alikaa muda mrefu mbele ya kisigino cha Mama Umugwaneza, akajifuta macho, akaenda nje. Wengi walisimama kwenye jozi ileile na kubishana ni ipi ya kweli, na hawakukubaliana, na Donat alikuwa nyuma yao na chupa ya maji ya matunda, akisikiliza kama alivyosikiliza mtaa miaka thelathini.

Goti lilipata ruhusa mwezi wa kumi. Daktari alisema kazi nyepesi, siku tatu kwa wiki, na Donat safari hii hakuuliza nyepesi ni nini. Jumatatu hadi Jumatano anajenga, na anaacha matundu ya maji kila mita moja. Alhamisi anatoka na kamera.

Juzi, mwanamke mmoja wa Mabanga alimsimamisha barabarani, akamwomba aje apige picha kwenye ukuta wake yeye pia. Donat alimwambia kwa heshima kwamba hapigi kuta za watu wengine, hupiga zile alizojenga tu. Mwanamke akasema aje aone kwanza. Akaenda, kwa adabu tu. Ukuta ulikuwa wa mawe madogo, yaliyokaa yamebanana sana hivi kwamba saruji ilionekana kama nywele. Donat alitoa timazi, akaishusha. Risasi ilikaa imegusana na mawe kutoka juu mpaka chini, haina hata nafasi ya kupitisha karatasi.

"Nani alijenga hii?"

"Papa Munyaneza. Anaishi kule, nyuma ya kisima."

Donat alimkuta amekaa mlangoni akinoa patasi, mwanamume mwembamba, mkubwa kwake kwa miaka mitano au sita, mikono imejaa makovu yaleyale aliyonayo yeye. Hawakuwahi kukutana, ingawa kwa miaka mingi walikuwa wakigawana mji mmoja na volkano moja. Donat alijitambulisha na kuuliza anapataje mistari myembamba vile. Munyaneza akasema siri haiko kwenye saruji, iko kwenye nyundo, na kwamba watu wa siku hizi wanapiga jiwe usoni. Donat alisema jiwe hupigwa ubavuni. Munyaneza akasema ubavuni ni makosa vilevile, akaenda ndani kuleta jiwe.

Walikaa hapo mpaka saa nane, mapande ya lava yamewazunguka miguuni, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Mke wa Munyaneza alileta ugali na sombe ya majani ya mihogo, wakala bila kunyamaza. Donat alikuwa karibu kufika kwake alipohisi kamera ikimpigapiga kifuani, akatambua kwamba hakupiga hata moja.

Haikumsumbua. Walikuwa wamekubaliana arudi Alhamisi ijayo, na Munyaneza tayari alikuwa amesema kwa picha ile yake atavaa koti.